Lugha Iliyorudi Kwanza

Kiharusi kilinikuta darasani, mbele ya kidato cha tatu, nikifundisha ngeli. Nilikuwa nimeandika ubaoni sentensi yenye kosa. Nikageuka kuwauliza wanafunzi kosa liko wapi, na swali likatoka mdomoni mwangu likiwa uji. Wakacheka. Walidhani natania, maana nilikuwa mwalimu wa utani. Nikarudia swali, likatoka uji uleule. Chaki ikanidondoka. Niliiona pale sakafuni, nikataka kuiokota, lakini mkono wa kulia haukusogea. Hapo kicheko kikakatika, na msichana mmoja wa dawati la mbele akaanza kulia kabla sijaanza kuanguka.

Nilikuwa nimefundisha Kiswahili hapa Eldoret karibu maisha yangu yote ya kazi. Waliopita mikononi mwangu wako benki, wako sokoni, wako polisi, na tukikutana wananisalimu kwa uangalifu wakiogopa nitawasahihisha. Sikuwa mtu wa kukaa kimya. Marehemu mume wangu alipenda kuwaambia wageni kwamba redio ya nyumba yetu haihitaji betri.

Nilipozinduka vizuri hospitalini, redio ilikuwa imezimwa. Watu wengi hudhani mtu asiyesema hafikiri. Mimi nilifikiri sana. Nilijua kikombe kilichokuwa kando ya kitanda ni cha chai, nilijua chai imeshapoa, nilijua hata kwamba aliyeiweka pale ameiweka upande wa mkono usiofanya kazi. Jina la kile kitu ndilo sikulipata. Nilikuwa nikilitafuta mahali nilipolizoea, na mahali penyewe pakawa patupu.

Kakangu mkubwa ndiye aliyekaa nami siku zile za mwanzo. Ana duka la mabati na misumari mjini, na amezoea kuamua mambo. Binti yangu alikuwa bado njiani kutoka Nairobi. Muuguzi alipokuja asubuhi aliniinamia mimi, akaniuliza, "Mama, umelala vizuri?"

"Amelala vizuri," kakangu akajibu.

"Kuna mahali unaskia uchungu?"

"Hakuna. Ako sawa."

Bega lilikuwa likiniwaka moto. Nikamtazama kakangu, naye akaendelea kumwambia muuguzi, kwa sauti ya mtu anayesaidia, "Sista, ukiwa na swali, uliza mimi. Huyu saa hii haelewi kitu."

"Achicha!" nikasema.

Lilitoka zima, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotarajia. Muuguzi akasimama wima, akacheka. "Haiya! Mama, kumbe unajua Kinandi?"

"Amesema *aca*," kakangu akasema. "Hiyo ni Kikuyu. *Aca* ni hapana."

"Mzee, mimi ni Mnandi. Hiyo ni *achicha*. Pia ni hapana, lakini ni yetu."

Ili wasiendelee kubishana juu ya kichwa changu, nililirudia, polepole, silabi zote, nikigusa bega kwa mkono wa kushoto. Muuguzi akaenda kuleta dawa. Kakangu akatazama dirishani.

Sisi ni Wakikuyu. Wazazi wetu walitoka Nyeri wakanunua shamba dogo upande wa Ziwa, kijiji kilicho nje kidogo ya mji huu, kabla sijazaliwa, na mama akafungua duka pale senta. Alikuwa dukani mchana kutwa, kwa hiyo mimi nililelewa kwa jirani, mama wa Kinandi mwenye ng'ombe wengi na watoto wengi. Binti yake mmoja alikuwa wa rika langu. Kikuyu nilikisikia jioni, mama akirudi. Kiswahili na Kiingereza nilivipata shuleni. Kwa Kinandi nilicheza, nikagombana na kulia mchana kutwa. Kakangu alikuwa shule ya bweni miaka ile, hakukijua.

Halafu ukaja mwaka wa fujo za baada ya uchaguzi. Duka la kwanza la kakangu liliteketezwa. Nilikuwa naye siku tuliyorudi kuliangalia; tulivuta mabati yaliyojikunja tukayaweka kando ya barabara. Tangu hapo Kinandi hakikutamkwa nyumbani kwake, hata salamu. Nami nilikuwa mjini, nafundisha Kiswahili, sikuwa na wa kusema naye. Sikuwa nimeongea Kinandi kwa miaka mingi. Sasa ndicho kilichorudi cha kwanza.

Nilikutana na mtafiti mmoja kliniki, nilikokuwa nikifanyishwa mazoezi ya mkono na mguu. Alikuwa msichana mwembamba kutoka upande wa Kakamega, anasomea tiba ya usemi. Alitafuta watu waliopoteza maneno baada ya kiharusi na ambao kabla yake walikuwa wakisema lugha zaidi ya moja. Alituambia, mimi na kakangu aliyenipeleka, kwamba hali yangu inaitwa afasia. Alisema vitabu alivyosomea vimeandikwa zaidi kuhusu watu wa lugha moja au mbili, na kwamba hapa kwetu mtu wa namna hiyo ni wa kutafutwa kwa tochi. Kwa hiyo yeye na wenzake walitaka kujua: mtu akifanya mazoezi katika lugha moja, zile nyingine zinafuata au zinabaki nyuma?

Alinieleza mimi. Alitumia picha na sentensi fupi, akaniangalia machoni, akasubiri. Watanipiga video. Nitafanya mazoezi. Siku yoyote nikichoka, naondoka, na matibabu yangu hayataguswa.

"Mnataka kumfanyia majaribio kama panya," kakangu akasema. "Hapana. Na hata kama ni kukubali, ni mimi natia sahihi. Huyu hawezi."

"Mzee, akielewa anatia mwenyewe," msichana akasema. "Asipotaka, hata wewe huwezi kumtakia."

Nikachukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Jina langu, nililokuwa nimeliandika chini ya insha za watoto wa watu mpaka likawa mkwaruzo tu, sikuweza kuliandika. Herufi ya kwanza ilikataa. Nikachora mstari, ukapinda, nikauvuta mpaka mwisho wa karatasi.

"Hiyo si sahihi," kakangu akasema.

"Ni yake," msichana akajibu, akaiweka karatasi kwenye faili.

Usidhani kuanzia hapo mambo yalikuwa mazuri. Kwanza walinipima, na kupimwa kule kulikuwa aibu tupu. Nilionyeshwa picha ya ndoo nikasema ng'ombe. Nilionyeshwa ng'ombe nikasema sabuni. Mwavuli ukawa "ile ya... ile ya..." mpaka nikapiga meza. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilijisikia. Nilisema "kiti yangu mbaya", mimi, niliyewapigia watoto mistari myekundu kwa kosa dogo kuliko hilo, na sikio langu likashtuka. Sikio la mwalimu lilikuwa zima. Kila nilipofungua mdomo lilinisahihisha, na mdomo haukusikia.

Kisha kukawa na makofi. Nikipata neno moja, mtu yeyote aliyekuwa karibu alinipigia makofi, kama mtoto aliyekwenda haja mahali pake. Binti yangu alipiga makofi. Mchungaji alipiga makofi. Siku nilipomwambia mama wa nyumba ya pili "chai", alipiga makofi akapiga na vigelegele. Nilitamani nipate neno la kuwaambia waache, na hilo ndilo lililochelewa kuliko yote.

Tatizo lingine lilikuwa kwenye mpango wao. Walikuwa wameandika kwamba nina lugha tatu: Kiswahili, Kiingereza na Kikuyu. Kakangu ndiye aliyewapa habari hiyo, siku ile alipojibu maswali kwa niaba yangu. Nilipoiona karatasi, nikaigonga kwa kidole.

"Achicha," nikasema. "Nne."

Mtafiti akaelewa haraka, maana nilikuwa nimemwambia achicha mara nyingi. "Kinandi? Mwalimu, mpango huu umeshapitishwa na kamati. Siwezi kuongeza lugha tu hivi. Na mimi mwenyewe sikijui."

"Nne."

"Nitaandika pembeni kwamba ulikitumia utotoni. Sawa?"

Haikuwa sawa. Safari iliyofuata nilikuja, nikakaa, nikaukunja mkono mzuri juu ya ule mbovu. Akanionyesha picha ya kikombe. Nikatazama ukutani. Akanionyesha nyumba. Nikatazama ukutani.

"Mwalimu, tafadhali."

"Nne."

Akaweka picha chini akacheka, na mimi nikacheka, lakini sikutaja kikombe. Akaenda kwa profesa wake, profesa akaenda kwa kamati, na kwa majuma kadhaa nikabaki nyumbani. Binti yangu alinilaumu kwenye simu kwamba nimeitupa bahati yangu. Nilimsikiliza tu. Nilikuwa nimetumia maisha yangu kuwaambia watoto kwamba lugha ni mali ya mtu, na sikuwa tayari kuacha sehemu ya mali yangu iandikwe pembeni.

Kamati ikakubali. Tena ikafanya zaidi ya nilivyoomba: Kinandi ndicho kingekuwa lugha yangu ya mazoezi, na zile nyingine zingepimwa tu, bila kufunzwa, waone kama zitafuata. Walihitaji mtu wa kuongea nami, mtu ninayemfahamu. Nikasema "Ziwa", na binti yangu akawaeleza ni nani. Wakamtafuta binti wa yule jirani, rafiki yangu wa utotoni, ambaye sasa ni mama mwenye wajukuu na ng'ombe wa maziwa.

Kakangu alizipata habari hizo akinirudisha nyumbani kwa pikapu yake. Kisha akasema, "Kwa hivyo lugha ya watu walichoma duka yangu ndiyo itakuponya."

Nilianza kumjibu pale kwenye mzunguko wa barabara. "Duka... choma... watu," nikasema. Tukapita kituo cha mafuta, tukapita kanisa, naye hakunisaidia, na kwa hilo namshukuru. "Lugha... lugha hapana choma." Nilipomaliza tulikuwa tumefika langoni kwangu.

Akazima gari. "Wewe hukuona yale mabati."

"Nili-ona," nikasema. "Mimi... nili-vuta."

Akashuka akanifungulia mlango, akanishika mkono mpaka barazani, akaenda zake. Safari ya kliniki iliyofuata hakuja, wala hakupokea simu. Basi nikatoka barabarani, nikainua mkono wa kushoto, nikapanda boda boda. Majirani walisimama kwenye mageti wakishika vifua. Mwendeshaji aliniuliza naenda wapi, sikupata neno, nikamwonyesha kwa kidole kila kona mpaka tukafika. Mtafiti aliponiuliza nani amenileta, nikajigonga kifua.

Rafiki yangu wa Ziwa aliingia akiwa na kibuyu cha mursik, maziwa yetu yaliyogandishwa, na sauti ya kuitia ng'ombe. Hakunipa pole wala hakunihurumia. Alikaa, akaanza kunisimulia kwa Kinandi jinsi tulivyowahi kuwafungulia ndama wakanyonya maziwa yote ya asubuhi, na jinsi mama yake alivyotukimbiza kwa fimbo kuzunguka boma. Alisimulia vibaya. Alisema ni mimi niliyefungua.

"Achicha!" nikasema. "Wewe!"

"Mimi? Nani alikuwa na kiu ya maziwa?"

"*Chego*," nikasema. Maziwa. Na kabla sijashangaa, likafuata *teta*, ng'ombe. Hakupiga makofi. Alinijibu tu, akaendelea kunisingizia, nami nikaendelea kumkatalia, maneno yakitoka vipande vipande. Mtafiti aliyekuwa pembeni na kamera yake hakuelewa hata neno moja, lakini aliniambia baadaye kwamba nilikuwa nimebadilika uso.

Tulifanya hivyo kwa miezi. Kuna siku sikupata kitu, nikarudi nyumbani nikalala mchana kwa hasira. Kuna siku rafiki yangu hakuja kwa sababu ng'ombe wake anazaa, nikakaa na picha. Kinandi kilirudi cha mtoto: najua kuomba maziwa, kutukana, kukana, kutaja miti, lakini sijui kusema "mkutano" wala "mapato". Hilo halikunisumbua.

Siku moja ya vipimo, mtafiti akanionyesha zile picha za Kiswahili za mwanzo. Ndoo, nikasema ndoo. Akageuza nyingine.

"Mwavuli wangu," nikasema, "umepotea."

Akainua macho. Sentensi nzima, na ngeli yake. Nikaisikia mimi mwenyewe, nikasubiri sikio lipige kelele, likanyamaza.

"Mwalimu," akasema, "hii hatukukufunza."

Alijizuia kufurahi kupita kiasi. Alinieleza kwamba ubongo hupona wenyewe pia kadiri muda unavyopita, na kwamba mtu mmoja si ushahidi. Nilimpenda kwa kusema hivyo. Kuna waliokuwa wameshaniambia kwamba neno lisilonirudia mapema halitanirudia tena, na hao hawakujizuia hata kidogo.

Mwisho wa mazoezi, chuo chao kiliandaa kikao cha kueleza walichokiona. Nilialikwa nikakae mstari wa mbele. Nilikivaa kile kitenge changu cha siku za kutoa zawadi shuleni. Ukutani ukaonyeshwa mkanda wa mimi nikiita ndoo ng'ombe, na watu wachache nyuma yangu wakacheka kwa upole. Mtafiti alieleza vizuri, kwa heshima. Kisha mgeni mmoja, profesa kutoka chuo kingine, akamuuliza yeye: je, mshiriki huyu, akiwa amepoteza lugha, kweli alielewa alichokubali?

Mtafiti alikuwa anafungua mdomo. Nikainua mkono wa kushoto.

"Mimi niko hapa," nikasema. "Uliza... mimi."

Ukumbi ukageuka. Nikasimama, nikashika kiti. "Mmesema nimepoteza lugha. Mimi... mimi..." Likanikwama. Nilisikia viti vikilia. Mwenyekiti wa kikao, mtu mwema, akaniinamia: "Unataka kusema ulikata tamaa, Mama?"

"Hapana. Subiri."

Akasubiri. Wote wakasubiri, wapende wasipende.

"Sijapoteza," nikasema. "Ziko. Ziko ndani. Kutoka... kutoka ndiyo shida. Na hii ya Kinandi, nyinyi... hamkuiandika. Mimi nilisema nne. Nilielewa. Ndiyo maana... nilikataa."

Profesa yule alinishukuru, akaniuliza swali jingine, refu, kwa Kiingereza, safari hii akinitazama mimi. Nililielewa mwanzo hadi mwisho. Jibu halikuja. Nikatafuta, nikatafuta, nikamwambia, "Leo hapana," nikakaa. Sikuona haya. Hata wazima hushindwa kujibu maprofesa.

Nilipotoka nilimkuta kakangu amesimama mlangoni. Sikujua alikuwamo. Tulitembea mpaka kwenye pikapu.

"Ulichukua muda mrefu sana," akasema.

"Ndiyo."

"Yule mwenyekiti alitaka kukumalizia maneno."

"Ndiyo."

"Si vizuri hivyo," akasema, akiwa anatafuta funguo mifuko yote. "Mtu aachwe amalize."

Hakutaja Kinandi, na hajakitaja mpaka leo. Ila rafiki yangu alipotaka mabati ya zizi lake jipya, nilimpeleka dukani kwa kakangu. Naye alimsalimu kwa Kiswahili, akamchagulia yasiyo na mikwaruzo, akambebea mwenyewe mpaka kwenye gari. Sikuona zaidi ya hapo, na siongezi.

Darasani sikurudi. Nilijaribu kipindi kimoja, watoto wakawa wapole mno, nikaona hiyo si shule tena. Utafiti ule umekwisha na yule msichana amekwenda kusoma zaidi. Hunipigia simu, na simu zetu huwa ndefu kwa sababu hanimalizii maneno. Kikuyu ndicho kilichobaki nyuma zaidi ya vyote. Kwenye sherehe ya mahari ya mpwa wangu, shangazi mmoja aliniuliza mbele ya watu kama siku hizi nimekuwa Mnandi. Nilimjibu kwa Kinandi, kwa urefu, na kwa bahati yake hakuelewa.

Haya ninayaandika kwa mkono wa kushoto. Aya moja hunila asubuhi nzima, na kila ngeli naikagua kabla sijaiacha ipite. Wakati mwingine naacha kuandika naenda sokoni, maana huko ndiko kwenye kazi ngumu. Juzi nilisimama mbele ya mama mboga, nyuma yangu foleni ya watu wenye haraka. Nilitaka dania, yale majani ya kukolezea mchuzi. Nililiona fungu lake pale, la kijani, mbele yangu kabisa, na ningeweza kulionyesha kwa kidole yakaisha. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mama, si uonyeshe tu." Mwingine akaanza kunitajia: sukuma? kitunguu? hoho? Nikatikisa kichwa kwa kila moja. Mama mboga akafunga mikono juu ya aproni yake, akawaambia watulie. Nikasimama pale pale, jua likinipiga kisogoni, foleni ikinguruma, mpaka neno likaja, nikalisema.